Bi Katibu Anajibu: Mbona wanatuuliza tulichofuata?

Bahasha za mwezi huu zimegongana kwenye jambo moja. Watu wamechoshwa na adabu ya rasmi: posa, magoti, itifaki, hotuba zenye utangulizi mrefu kuliko habari yenyewe. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni katibu muhtasi mstaafu, nakaa Ujiji, na tangu niache kupiga taipu ofisini naitwa kwenye vikao vya posa kukaa upande wa kina mama na kusema pale mashangazi wanapokwama. Kwa hiyo mnaponiuliza habari za urasmi mnamuuliza mtu aliyeula mshahara wake. Nimechagua barua tano. Nyingine zilikuwa na matusi, nimezirudisha kwenye bahasha zake.

*Shikamoo Bi Katibu. Mimi ni kijana wa Mwanga, hapo Kigoma mjini, ila nafanya kazi Dar es Salaam. Nimepata mchumba wa Ujiji. Tunapendana, wazazi wake wananijua, hata mama yake huwa ananitumia dagaa kwa basi. Juzi wazee wangu wamepeleka barua ya posa. Nasikia waliwekwa saa nzima wanaulizwa eti "mmepotea njia?" na "mnatafuta nini hapa?", ikaja bahasha ya kufungua mdomo, kisha wakaambiwa warudi nyumbani wakasubiri majibu. Majibu gani tena na kila mtu anayajua? Naona ni maigizo tu. Kwa nini tusikae mezani kama watu wazima, tukatajiana mahari, tukamaliza?*
*Mwenye Haraka, Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera kwa hao dagaa. Mama anayemtumia dagaa kijana ambaye alikuwa hajaleta hata barua ana imani kubwa, au ana dagaa wengi.

Ni maigizo, ndiyo. Sibishi. Wenyeji wanajua wageni wamefuata nini tangu siku walipoombwa nafasi ya kuja. Sufuria la pilau liko jikoni, binti yuko chumbani na shangazi zake, simu amenyang'anywa. Halafu mzee anakohoa, anauliza, "Wageni wetu, ni heri kuwaona, ila hatujajua mmepita kwetu kwa lipi?" Na mshenga, ambaye amepiga pasi kanzu kwa ajili ya swali hilo hilo, anaanza kuzunguka: walikuwa wapita njia, wakaona ua limechanua, wakaulizana bustani hii ni ya nani.

Wewe unautazama mchezo huo ukiwa umeshakubaliwa, ndiyo maana unaona hauna kazi. Mtazame aliyekataliwa.

Nilikaa kwenye posa moja hapa hapa Ujiji, nyumba sitaitaja. Binti alikuwa hamtaki kijana, na siri hiyo alikuwa amempa shangazi yake, mama hajui. Siku ya majibu mshenga akapokewa vizuri, akaletewa chai na maandazi, akaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za bei ya mawese. Kisha mzee wa nyumba akasema, "Tumeitazama bustani yetu, tumeona maua bado machanga." Basi. Mshenga akaitikia, "Tumesikia, na tunashukuru mlivyotufungulia mlango." Akamaliza chai yake, tena akaongeza na andazi. Kijana hakuwepo. Baba yake hakuwepo. "Hapana" haikutoka kinywani mwa mtu yeyote, na hakuna aliyeondoka pale hajaisikia. Nyumba zile mbili zinazikana mpaka leo.

Sasa chukua huo utaratibu wako wa mezani. Baba wa binti anakutazama usoni, anakwambia mwanangu hakutaki. Baba yako yuko hapo hapo, anasikia. Mkitoka hapo mnakwenda wapi? Huu si mji wa kupotezana. Mtakutana msikitini Ijumaa, mtakutana mwaloni Kibirizi, na mtu wa mtaa akifa mtakaa mkeka mmoja.

Utaniambia: basi wenye shaka wacheze huo mchezo, sisi wenye uhakika tupite njia ya mkato. Hapo ndipo penye ubaya. Swali la "mmefuata nini" halimuumizi mtu kwa sababu kila mtu huulizwa. Mtoto wa shehe huulizwa, mwenye magari huulizwa, mpwa wa jirani aliyekulia uani huulizwa. Tukianza kuwasamehe wanaopendwa, kuulizwa kwenyewe kutakuwa ndiyo jibu, na yule asiyetakiwa atajua amekataliwa kabla hajavua viatu. Wazee wako walikaa saa ile moja kwa ajili ya mtu ambaye hamumjui.

Adabu ya rasmi haikutungwa kwa ajili ya wanaopendana. Wanaopendana hula sahani moja, huitana majina ya ajabu, huingia bila kubisha. Imetungwa kwa ajili ya siku ambayo hujui mwenzako ana nini moyoni, au unajua na si kizuri. Chukua hodi. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Suratun-Nur tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe. Watu wengi wanaishia hapo. Aya inayofuata inasema tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba hilo ndilo safi zaidi kwetu. Maana yake mwenye nyumba amepewa haki ya kukurudisha mlangoni na wewe umeamriwa usinune. Ikiwa jibu la hodi ni lazima liwe "karibu", basi hiyo si hodi, ni taarifa kwamba nimeshaingia.

Na huo muda wa kusubiri majibu ni wa binti. Ndio muda shangazi anapomkalisha peke yake na kumuuliza mara ya mwisho, mahali ambapo wewe na dagaa wa mama yake hampo.

Kuna jambo moja niko upande wako. Mkaja wa mama nauelewa, kilemba cha baba nakielewa: aliyembeba na aliyemlea wanatajwa mbele za watu. Lakini siku hizi naletewa orodha imepigwa kompyuta, kurasa mbili, ina ada ya kufungua geti, ada ya kumwita binti, ada ya binti kutabasamu. Hiyo ya kutabasamu nimeiona kwa macho yangu, na binti hakutabasamu. Wachina wana mwalimu wao wa kale, Confucius, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo. Mwanafunzi wake Zigong alitaka kumwondoa kondoo aliyekuwa akitolewa kwenye ibada ya mwezi mwandamo. Mwalimu akamjibu kwamba wewe unampenda kondoo, mimi naipenda ibada. Ungesema huyu mzee ni wa kushikilia kila kitu. Wala. Kofia ya sherehe ilitakiwa iwe ya kitani; watu walipohamia hariri kwa sababu ilikuwa nafuu, naye akavaa ya hariri. Ila desturi ilitaka mtu ainame chini ya ngazi kabla ya kupanda kwa mtawala, na watu walipoanza kuinama wakishafika juu, alikataa, akaendelea kuinamia chini hata kama yuko peke yake. Aliona kule kwingine ni kiburi.

Kwa hiyo ada ya geti ni kofia, mwambie mshenga wako aipiganie mpaka ifutwe, na ukikwama nitumie jina la msemaji wao. Kuulizwa mmefuata nini ndiko kuinama. Hapo utasubiri.

*Bi Katibu, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari hapa wilayani. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi kwenye Kumbukumbu ya Dkt. Livingstone hapo Ujiji. Kila mwaka wanacheka sehemu ile ile: Stanley ametembea kutoka pwani kumtafuta mzungu mmoja, anamkuta mzungu mmoja, halafu anavua kofia na kuuliza "Dkt. Livingstone, nadhani?" Nimekosa la kuwaambia zaidi ya "ndiyo adabu zao". Unasemaje?*
*Mwalimu wa Zamu, Ujiji*

Mwalimu, waulize hao wanafunzi wamesoma nini hapo juu. Ni posa tupu.

Tuanze na hodi. Stanley alitokea Tabora, baada ya kukwama kule Kwihara kwa sababu ya vita vya Mirambo na Waarabu, na kwa hesabu yake alifika Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Hakuingia kimya. Watu wake walipiga bunduki mji ulipoonekana, kama ilivyokuwa ada ya misafara, na bendera ya Marekani ikatangulia. Mji mzima ukatoka. Wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na huwa nasikitika kwamba salamu yao, iliyokuja kwanza, hakuna anayeikariri.

Sasa mtazame Stanley mwenyewe. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa kwenye nyumba ya maskini. Jina la Stanley alilipata Marekani. Mbele yake amesimama mtu ambaye Ulaya nzima inamjua. Waarabu wa Ujiji wamejipanga wanatazama. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alitamani kufanya jambo la kitoto kwa furaha, hata kumkumbatia, lakini alimwona ni Mwingereza na hakujua angempokea vipi. (Livingstone alikuwa Mskoti, lakini tuyaache.) Basi akatembea polepole, akavua kofia, akauliza anachokijua. Livingstone naye akainua kofia yake kidogo, akasema ndiyo. Kofia zikarudi vichwani, ndipo wakapeana mikono.

Angeruka kumkumbatia na mzee akarudi nyuma hatua moja, ingekuwaje mbele ya umati ule? Swali lake lilimpa mwenzake nafasi ya kuchagua jinsi ya kumpokea. Wenye historia wengine wanatilia shaka kama maneno yale yalisemwa kweli, maana kurasa za siku hiyo kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, na Livingstone hakuyaandika. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Kama aliyatunga baadaye, maana yake hata alipokuwa mezani na kalamu, akiwa na muda wa kujitungia ushujaa wowote, alichagua kuandika kwamba alivua kofia.

Lakini wanafunzi wako ningewasimamisha mahali pengine, pale baada ya salamu, walipoketi barazani. Stanley alikuwa amemletea mfuko wa barua. Mzee hakuwa amepata barua kwa muda mrefu mno. Akaufungua, akatazama moja mbili, za watoto wake, kisha akauweka magotini akamtaka mgeni ampe habari za dunia. Stanley akamwambia asome kwanza barua zake. Akajibiwa kwamba amezisubiri miaka, saa chache zaidi hazimshindi.

Hebu fikiria. Barua za watoto wako ziko magotini na unamwambia mgeni, haya, lete habari. Mwambie mwanafunzi yeyote mwenye simu mfukoni ajaribu hilo kwa dakika kumi.

*Shikamoo Bi Katibu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, mhasibu. Naolewa Kasulu mwishoni mwa mwaka. Mchumba wangu anasema nikifika kwao nipige magoti kumsalimia kila mtu, mpaka wadogo zake wa kiume. Bibi yangu wa Urambo nikimkuta goti linashuka lenyewe, sifikirii. Ila hili la Kasulu linanikera na sijui kwa nini. Ni kiburi cha shule?*
*Mkwe Mtarajiwa, Ipuli*

Marahaba, binti yangu. Kiburi cha shule nakijua, kinaandika barua ndefu kuliko yako.

Umejijibu kwenye neno "lenyewe". Kwa bibi yako unashuka, unapiga vikofi taratibu, unasema mwangaluka. Yeye anafanyaje? Kama ni bibi wa Urambo ninaowajua mimi, anaacha alichoshika. Hata kama ni kinu, mchi unasimama. Anakuitikia, anakuuliza ulivyoamka, anamuulizia mama yako, mtoto wa jirani yenu aliyekuwa anaumwa, mwisho anataka kujua umekula nini. Huruhusiwi kunyanyuka mpaka amalize, na yeye haruhusiwi kurudi kwenye kinu mpaka wewe unyanyuke. Mmefungana wote wawili. Wewe umetoa goti, yeye ametoa asubuhi yake.

Ndiyo maana Suratun-Nisaa, aya ya 86, inamgeukia anayesalimiwa: ukiamkiwa, itikia kwa maamkizi bora kuliko hayo, au angalau yarudishe kama yalivyo. Amri iko kwa aliyekaa. Anayesalimiwa huku macho yako kwenye televisheni, akanyoosha vidole viwili, huyo ameichukua heshima akaondoka nayo.

Basi unapofikiria magoti ya Kasulu usijiulize kama ni mila au si mila, utakesha. Jiulize aliye juu anatoa nini. Baba mkwe na mama mkwe, wajomba, mabibi: piga goti, mwanangu, wala usihesabu. Waha wana salamu ndefu zenye mikono miwili, hutakuwa peke yako unayeinama. Wadogo wa kiume, hapana. Shemeji ni wa kutaniwa. Mpe mkono, mwambie amekonda. Anayetaka shemeji mhasibu amshukie chini wakati yeye bado anaombaomba vocha kwa kaka yake anatafuta kitu kingine, na hicho hutakimaliza kwa goti.

Halafu, kabla ya harusi, muulize mchumba wako swali moja kwa upole: siku atakapokuja Ipuli, mama yako akitoka jikoni, yeye atafanyaje? Nyamaza, msikilize. Akisema atasimama, avue kofia, ainame na kumshika mama mikono yote miwili, nenda Kasulu kwa amani. Akisema "mimi mwanaume", niandikie tena haraka.

Akikuletea habari kwamba huko kwao mwanamke ndiye wa kushuka, mkumbushe kwamba Heru, hapo hapo Kasulu, ilitawaliwa na mwami mwanamke, Theresa Ntare, zama za machifu kabla mamlaka yao hayajafutwa mwaka 1963. Sidhani wanaume waliokwenda mbele yake walisimama mikono mfukoni.

Jambo la mwisho, jifunze kusema mwakeye vizuri na uiseme wewe kwanza, asubuhi, kabla mama mkwe hajakuona. Mnyamwezi aliyefika na Kiha chake mkononi husamehewa mengi.

*Bi Katibu, mimi ni mshereheshaji, kazi zangu ni Tabora na Nzega. Juzi kwenye mahafali nilisema "itifaki imezingatiwa" nikaanza ratiba. Mgeni mmoja mkubwa akanuna kwa kuwa hakutajwa jina. Mkuu wa shule akanilaumu. Nilikosa wapi?*
*Spika Moja, Isevya*

Ulikosa kwa kusema uongo, kaka. Itifaki ilikuwa haijazingatiwa. Sentensi ile imekuwa kama risiti inayotolewa kabla mzigo haujalipiwa, na mgeni wako amekataa kuipokea.

Haikuanza hivyo. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mzungumzaji wa tatu na wa nne: wa kwanza ameshawataja wakubwa kwa majina na vyeo, basi wanaofuata hawana haja ya kurudia orodha. Siku hizi wa kwanza anaisema hajamtaja mtu. Au mbaya zaidi, anasoma majina ishirini, anapumua, ndipo anaongeza "itifaki imezingatiwa", na jua liko utosini, watoto wamevaa majoho meusi. Fanya hivi: mtaje mwenyeji, mtaje mgeni rasmi, mtaje mzee mmoja wa mahali pale, na uwataje waliopika. Wengine wape salamu ya pamoja. Aliyenuna atanuna mara moja, wapishi hawatakusahau. Tena mgeni aliyechelewa saa mbili na nusu asikufundishe itifaki.

Msinielewe vibaya, vyeo sivichukii. Mimi ni wa zama zile baada ya Azimio la Arusha, 1967, tulipokuwa sote Ndugu. Ndugu Waziri, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Tarishi, na barua zote zinaishia "Wako katika ujenzi wa taifa". Wakubwa walikuwepo vile vile. Nilimjua mkubwa kwa jinsi mlango wake ulivyofungwa. Lakini lilikuwepo jambo moja zuri, nalo ni kwamba tarishi akimwandikia mkurugenzi na mkurugenzi akimwandikia tarishi, karatasi ilikuwa ya namna moja: kumbukumbu namba, yahusu, aya zenye tarakimu, Wako katika ujenzi wa taifa. Barua kali kuliko zote nilizowahi kuzipiga taipu ilitoka kwa mlinzi wa lango aliyekatwa mshahara bila sababu. Ilianza na "Ninayo heshima kukuandikia". Angeingia kule ndani kuyasema yale kwa mdomo, angefukuzwa kabla ya sentensi ya pili. Kwa kuwa kila mstari ulikuwa na adabu yake, mkubwa hakuwa na pa kumshika, ikabidi asome mpaka chini. Alilipwa.

Mnaposema urasmi unawatukuza wakubwa tu, mkumbukeni huyo. Mkubwa ana njia nyingi za kusikilizwa. Mlinzi alikuwa na "Ninayo heshima".

*Shikamoo Bi Katibu. Shangazi yangu amefariki Nzega, mimi niko Kigoma na sikupata ruhusa kazini. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp niliandika "Poleni sana" kama wengine, nikatuma rambirambi kwa simu kwa binamu yangu, mtoto wa marehemu. Hajajibu mpaka leo. Amenikasirikia?*
*Mpwa, Gungu*

Marahaba, na pole sana kwa msiba.

Hajakasirika. Amefiwa na mama. Majibu yake usiyahesabu kwa sasa. "Poleni sana" yako haina ubaya wowote, hata kama wamekuiga au umewaiga wao. Watu hudharau maneno hayo kwa sababu yanafanana. Sasa mtu wa kuzika ataanza kupima nani ametunga vizuri? Yanafanana ili yasimpe mfiwa kazi ya kufikiri.

Ila hela ungeipitisha kwa anayeshika daftari la rambirambi, ukaandikwa jina. Daftari lile halina choyo kama mnavyolisingizia. Mfiwa siku ile haoni nani ameingia nani ametoka. Huja kulifungua baadaye, vurugu zikiisha, akajua nani alikuwa naye. Mpigie mjomba aliyeko huko, mwambie akuandike hata leo.

Binamu mpigie wewe turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikisharudishwa, siku ambayo nyumba imebaki na watu wake tu. Muulize amelala, amekula, nani amebaki naye. Muulize arobaini itakuwa lini ili uombe ruhusa mapema, na safari hii uiombe kwa barua yenye kumbukumbu namba. Na kwenye simu hiyo usimuulize kama aliiona ile hela.